Nyumba Yetu ya Phikwe Inauzwa

Jumapili, 5 Agosti 2018

Upepo tangu asubuhi. Vumbi hadi ndani ya sukari.

Mume wangu Mothusi amepiga simu saa nane mchana, kama kila Jumapili. Imeuzwa? Haijauzwa. Kuna aliyekuja kuiona? Hakuna. Akakohoa, nikamuuliza kifua, akasema ni baridi ya Gaborone tu. Dakika nne. Siku hizi natazama, simu yenyewe inaonyesha.

Mwaka mmoja na miezi mitano sasa. Mgodi ulifungwa Oktoba ya mwaka juzi. Machi iliyofuata akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala huko Gaborone. Akasema atangulie, mimi nibaki niuze nyumba, ikipata mnunuzi nimfuate. Miezi mitatu, alisema. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye tanuru la shaba, leo anafungulia malori geti.

Mtaa wetu una nyumba kumi na nne. Zenye watu ni mbili: yangu, na ya MmaPelo pale kona. Zilizobaki zina mabango ya INAUZWA. Mengine jua limeshakula maandishi.

Jumatano, 8 Agosti

Dalali amekuja. Kelebogile, mama wa makamo, viatu vyekundu, simu mbili. Nusu ya nyumba za mji huu anaziuza yeye – au tuseme anazitangaza. Mwaka huu wote zimetoka tatu.

Yetu tumeiweka pula laki nne na nusu. Akasema hiyo ni bei ya enzi za mgodi. "Mma, hapa hatuna uhaba wa nyumba. Tuna uhaba wa watu." Anataka tushuke hadi laki tatu na nusu. Na tufanye haraka, maana inasemekana nyumba nyingine nyingi za mgodi zitaingizwa sokoni kwa mpigo, na hapo hata laki tatu tutaiota.

Nikamwambia lazima nimuulize mume wangu.

Alikunywa chai vikombe viwili. Alikaa saa nzima. Kile kiti cha dirishani hakijakaliwa na mtu tangu Pasaka.

Jumapili, 12 Agosti

Nimemweleza Mothusi. Hataki. Anasema tusubiri, kuna matajiri wanataka kuufufua mgodi, kasikia kazini. Bei itapanda. Nikamwambia matajiri hao tumewasikia tangu mwaka jana, na waliouza mwaka jana wana pesa zao mkononi. Akasema sina subira. Nikamwambia subira ninayo, nimejaza nyumba nzima.

Dakika kumi na moja! Kumbe tukibishana tunaongea zaidi.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimempigia Kelebogile: weka laki tatu na nusu. Sikumuuliza Mothusi tena. Nilinong'ona kama mwizi.

Kabla ya saa tisa simu ilishalia mara mbili.

Jumamosi, 18 Agosti

Wamekuja! Nilikuwa nimeoka mikate na kupiga deki mara mbili.

Kwanza mume na mke kutoka Palapye. Mke alifungua kabati moja moja na kunusa. Kisha mwanamume wa Gaborone, mwenye kofia, hakuivua hata sebuleni. Ananunua nyumba hapa tano tano, kama mayai, anangoja mji uamke. Hakutazama chochote. Alihesabu vyumba, akagonga ukuta, akauliza bei ya mwisho. Nikamwambia bei ya mwisho anaijua dalali. Akala mkate, akaondoka.

Wale wa Palapye niliwaonyesha bafu mara mbili. Mke akasema, tumeliona, Mma.

Walipoondoka sikuosha vikombe haraka. Vilikaa mezani hadi jioni, vinne pamoja na changu.

Jumatatu, 27 Agosti

Siku tisa hakuna aliyepiga. Kelebogile anasema nyumba ya mtaa wa pili, yenye gereji, imekwenda kwa laki mbili na sitini. Basi kila mtu anashusha kwa sababu jirani kashusha, na jirani kashusha kwa sababu yetu. Nimemwambia weka laki tatu.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma. Sikushusha ili iuzwe. Nilishusha ili simu ilie.

Jumapili, 2 Septemba

Mothusi. Imeuzwa? Bado. Sikumwambia habari ya bei. Yeye kaniambia amenunua redio na meza. Nikauliza meza kubwa? Akasema inamtosha.

Dakika tano.

Alhamisi, 6 Septemba

MmaPelo amekwenda. Mwanawe kaja na gari kutoka Serowe, wakapakia vitanda na masufuria, basi. Nyumba hawakuuza. Kafunga mlango, kanipa ufunguo na kuku wake wawili.

Tulisimama getini. Akaniuliza kwa nini na mimi sifungi nikaenda kwa mume wangu. Nyumba haili, alisema, iache ijikalie. Nikamwambia lazima iuzwe kwanza.

"Nani kasema?"

"Mothusi."

Akanitazama. MmaPelo ni mjane, mwenye mdomo. Miaka kumi na tisa ya ujirani, hajawahi kukosa la kusema. Leo kafunga zipu ya sweta yangu hadi shingoni, kama mtoto anayepelekwa shule, akapanda gari.

Ijumaa, 14 Septemba

Joto limeanza. Mtaa mzima ni mimi.

Mchana nilisikia kishindo nyumba ya nne. Nikaenda na mwiko mkononi, sijui ningemfanya mtu nini. Hakuna mtu. Bati limelegea.

Niliporudi niliwasimulia kuku. Kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndipo nikajisikia naongea.

Jumamosi, 22 Septemba

Leo kaja mwanamke mmoja, Goitsemang, mshonaji. Sare za shule. Amepanga vyumba viwili Mmadinare, yeye na cherehani nne, wanawake watatu wanamshonea, wengine wanakaa kitandani kwake na kazi zao. Hakufungua kabati hata moja. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akasimama dirishani, akauliza jua linazama upande gani.

Benki imemkubalia mkopo wa laki mbili na themanini, haiwezi zaidi. Alisema wazi, hakunizungusha.

Nilikuwa tayari kukataa. Laki mbili na themanini! Tuliinunua tukajinyima nyama miaka minne. Ila akaniuliza nimeishi hapa miaka mingapi. Katika wote waliokuja, hakuna aliyeuliza hilo. Nikamwambia kumi na tisa. Nikamwambia dirisha hilo likinyeshewa linakwama, usilisukume, liinue kwanza. Akaliinua. Likafunguka.

Nikasikia mdomo wangu unasema sawa.

Jumapili, 23 Septemba

Imeuzwa? Nikasema ndiyo.

Nikasikia redio yake kwa nyuma, mtu anasoma matokeo ya mpira.

Akauliza kwa bei gani. Akasema hiyo ni bei ya kutupa. Akauliza nani alinituma nishushe. Akasema tuivunje hiyo habari, tungoje hadi mwakani. Nikamwambia, Mothusi, mwaka jana ulisema miezi mitatu. Akasema sijui maisha ya Gaborone, chumba chake ni kidogo. Nikamwambia na mimi si mkubwa. Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nyumba ni ya wote wawili, sahihi zinatakiwa mbili. Nikamwambia aje. Akasema ataomba ruhusa kazini.

Dakika kumi na saba. Sikumbuki lini tuliongea dakika kumi na saba.

Jumanne, 25 Septemba

Nimempigia binti yetu Onalenna, huko Maun. Alikuwa anatoka zamu ya wodini. Nikamuuliza kama baba yake huongea naye. Huongea, kumbe, kila Jumatano. Sikujua. Nikauliza anasemaje. Binti yangu akasema, "Mama, baba yuko salama. Anasema amepumzika."

Amepumzika na nini? Anasimama getini saa kumi na mbili kwa siku.

Sikuuliza. Yeye mwenyewe akaendelea harakaharaka: niende kwake nikakae hata kwa muda, chumba kipo, godoro amenunua jipya. Mtu hanunui godoro kwa dakika moja. Lilishanunuliwa.

Jumatano, 3 Oktoba

Jua linachoma hata kivulini. Wakili ametupa siku ya kutia sahihi: Ijumaa tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi.

Goitsemang kaja na futi yake ya kushonea kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nilimshikia upande mmoja. Ana utani, ananiita mkaguzi. Anasema kwenye ile kona ataweka cherehani ya vifungo, na hapa meza ya kukatia. Nilianza kuiona nyumba imejaa watu, kelele, vipande vya kitambaa chini. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka sitakuwapo.

Akauliza, "Mnahamia Gaborone, Mma?" Nikajibu ndiyo, Gaborone. Lilitoka laini kabisa, kama uongo uliozoeleka.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mothusi amefika saa kumi alasiri, na gari la kuazima la mwenzake. Amekonda. Kumempendeza.

Alipiga hodi.

Ufunguo anao. Aliondoka nao, na leo uko kwenye kishikio chake pamoja na wa huko, nimeuona. Kapiga hodi, kasimama kizingitini anangoja nimkaribishe, na mimi nikasema karibu, Rra, karibu ndani. Ningesema nini kingine?

Akapita chumba hadi chumba kama wale wa Palapye. Akasema nimeitunza. Nikapakua nyama ya kuponda niliyoichemsha tangu alfajiri, akala sahani mbili, akasifu. Tukaongea habari za barabarani – lori lililopinduka karibu na Mahalapye, ng'ombe walivyojaa njiani. Kuhusu kesho, neno moja tu: saa tatu? Saa tatu.

Kaweka begi lake chumba cha Onalenna. Anasema siku hizi anakoroma, asinisumbue.

Ijumaa, 12 Oktoba, asubuhi

Nilipoamka alikuwa ameshapiga pasi shati lake. Mwenyewe, hata kola. Mtu huyu tulipokuwa hapa hakujua pasi inahifadhiwa wapi. Nilisimama mlangoni namtazama anavyolinyoosha begani, nikajiona nimechelewa kitu, sijui ni nini, lakini nimechelewa.

Tukanywa chai. Akazungusha kijiko muda mrefu, na sukari hatii siku hizi.

"Utakaa wapi, Mma?"

Utakaa. Miaka ishirini na tisa ilikuwa "tu". Tutakula, tutalipa, tutaona. Leo "u". Wala hakulisema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayemuuliza mgeni iwapo basi lake lipo.

Ningeweza kujibu Maun, godoro lipo. Ningeweza kujibu Gaborone, kwako, kisha nimtazame usoni. Nikamwambia anywe chai isipoe.

Hakunywa. Akasema hana mtu mwingine, nisije nikafikiri. Nikamwambia sikufikiri. Ni kweli, sikuwahi kufikiri hilo. Lingekuwa rahisi zaidi. Ningekuwa na mtu wa kumchukia.

"Sina neno na wewe," akasema. "Nimezoea tu kukaa peke yangu."

"Mimi sijazoea."

Hapo akainamisha kichwa. Nikaona utosi wake, nywele zilivyoisha pale katikati. Nilitaka kuweka mkono. Sikuuweka. Akainuka, akaosha kikombe chake, akakifuta, akakirudisha kabatini mahali pake kabisa, akasema atanisubiri kwenye gari.

Sasa saa tatu kasorobo.

Nisipotia sahihi, haijauzwa. Atarudi Gaborone, na Jumapili saa nane atapiga simu. Ataniuliza lile lile nami nitamjibu lile lile. Nitakuwa na mume, dakika nne kwa wiki, na pengine bei itapanda kweli. Nikitia, basi. Goitsemang kaniandikia tangu alfajiri: ameshapata gari la mizigo, wanawake wake watatu wameketi nyuma na cherehani, wananiuliza waje saa ngapi.

Sijamjibu.

Mothusi anapiga honi. Mara moja, fupi, kwa adabu, kama dereva wa kukodi.

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili ninacho mkononi, na huu mkono mwingine bado unaandika.