Chemchemi ya Susuni Yafika Robanda

Bhoke mpwa wangu,

Hujambo? Waambie majirani kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi haitungwi bila mimi. Serikali imekuja hapa Robanda kusikiliza maoni juu ya muswada, nami nilikaa mbele kabisa.

Nimefikia kwa Mama Nyangi. Ukame umewatoa tembo hifadhini, wakamlia mtama karibu wote, lakini bado alinichinjia kuku. Asubuhi tembo mkubwa kuliko kanisa letu alipita nyuma ya jiko. Nilikohoa tu, akageuka!

Chemchemi yetu inayokauka, ile mliyonituma niisemee, imeandikwa. Namshukuru Mungu, na zaidi namshukuru huyu mama. Nawaombea mvua ya kutosha. Msalimie dada yangu.

Ila usimwambie mtu: sikuisema mimi. Muda wangu wote niliumaliza nikisalimia wazee, rika moja baada ya jingine kama kwetu, na kipaza sauti kikachukuliwa nikiwa bado naulizia ng'ombe wao. Mama Nyangi akatoa zamu yake ya kusema kwa ajili yetu: "Afisa, andika chemchemi ya Susuni, la sivyo mgeni wangu ataanza kutusalimia upya!"

Mjomba Marwa