Frigeti ya Papa Mbuyi

Jumamosi, 4 Septemba 2004
Milingoti yote mitatu imesimama. Nimepiga msasa tena ubavu wa kushoto. Mkono umezeeka, kazi haijazeeka. Annandale nzima, hapa Virginia, hakuna fundi kama mimi, wala huko Manassas.
Papa Mbuyi wa nyumba ya chini kaja na kahawa yake. Mwalimu mstaafu, Mkongo wa Kalemie, mji wa ziwani. Miaka yote alisomesha watoto habari za frigeti hii, manowari ya Kifaransa ya zamani za matanga. Tarehe kumi na tano anapasuliwa moyo. Anataka kwanza aione ikielea ziwani, hata kama ni hii yangu ndogo ya mbao. Nimemwahidi. Mimi nikiahidi nimeahidi.

Jumatatu, 6 Septemba
Papa kanisimulia tena. Mfalme wa Kifaransa aliiunda. Ikavusha askari mpaka huku Virginia, wakapigana na Mwingereza. Ikatobolewa, ikazibwa, ikarudi kwao. Mwisho wake mbaya. Ilikuwa inaingia mto wa ugenini, wenyeji wakaleta rubani wao wa kuongoza meli mtoni, kapteni akamfukuza. Eti yeye anajua bahari. Wakapanda mwamba. Watu wengi walikufa maji.
Kapteni mjinga. Mimi umri wangu wote baharini, sijazamisha hata mtumbwi.

Alhamisi, 9 Septemba
Ugomvi. Nimeijaribu kwenye beseni la kuogea. Nikamwaga chumvi yote ya jikoni, maana chombo hujaribiwa kwa maji ya chumvi. Ndivyo tulivyofanya kwetu Tanga. Nikapanga farumi, mawe madogo tumboni, mpaka ikatulia. Maji chini kidogo tu ya matundu ya mizinga. Imependeza.
Mwanangu Zuhura karudi kazini anataka kuoga. "Baba, leo unapika supu humu?"
Papa kaangalia, katikisa kichwa. "Mzee, kule ziwani maji haina chumvi. Haitabeba sawa na hii. Toa mawe mbili tatu."
Mtu wa ziwa anifundishe mimi! Nikamwambia arudi kwenye vitabu vyake. Kaondoka, kahawa kaiacha. Simfuati.

Jumapili, 12 Septemba
Ziwani. Zuhura kaendesha, Papa kiti cha mbele. Hatukusemeshana. Farumi sikuigusa.
Chombo hakishushwi bila dua. Nikasoma Fatiha, Papa akapiga msalaba wake. Nikaisukuma.
Ikaelea. Wallahi ikaelea. Upepo ukajaza matanga, ikaenda zake. Papa kavua kofia.
Halafu ikainama kidogo tu. Maji yakaingia tundu la kwanza, la pili, yote. Mlingoti wa kati ndio wa mwisho kuonekana.
Hakunicheka. Kasema tu, "Mzee, rubani alikuwa hapa."
Nikapanda gari, nyuma. Mpaka nyumbani natazama dirishani.

Jumatano, 15 Septemba
Wamempeleka alfajiri. Nimesikia mlango wa chini. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Sikushuka.
Jioni Zuhura kaja kukaa kitandani kwangu na nguo za kazini. Nikajua. Moyo waliusimamisha, haukurudi.
Nina hasira. Na nani, sijui. Najua.

Jumamosi, 18 Septemba
Mazishi. Kanisani nimekaa nyuma kabisa na kofia yangu. Wakongo wanajua kuimba, hilo nakubali.
Mama Odette, mkewe, kanishika mikono yote miwili. "Siku ile alirudi na furaha sana, Mzee. Usiku alisema tu frigeti, frigeti. Alisema, niliiona inatembea."
Nilitaka kumwambia habari ya mawe. Nikampa pole tu.

Jumapili, 28 Novemba
Nimeunda nyingine. Mkuku, uti wake wa chini, umenyooka. Sisemi zaidi.
Mama Odette kasema atakuja ziwani, siku yoyote nitakayotaka.
Zuhura yuko kazini. Nyumba kimya. Nimejaza beseni. Chumvi imebaki jikoni.
Ilikaa chini sana. Nikatoa jiwe moja. Nikatoa la pili.
Nikatoa na la tatu.