Majagi Matatu ya Maji ya Zabibu

Nyumbani, 26 Juni

Kaka yangu Gernot,

Natumai u mzima huko Bremen, na kile kifua chako kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila magoti yananitesa nikishuka ngazi za ghala la mapipa. Shada lako la maua lilifika siku tuliyomzika Baba. Majirani walisema sana kwa kuwa hukuja mwenyewe. Waache waseme. Nililiweka juu kabisa, karibu na jina lake.

Nimetundika tena tawi mlangoni, ile ishara yetu kwamba divai inauzwa, na wageni wanakuja kunywa divai yetu nyeupe kavu, isiyo na utamu, kama kawaida. Wale wa mjini hawajabadilika! Juzi mwanamke mmoja aliinywa na keki ya stroberi, akakunja uso, akaniuliza kama nimempa siki. Nikamwambia, mama, divai haina kosa, kosa ni hiyo keki. Nikamletea soseji zetu za kuchemsha na vitunguu, akamaliza glasi tatu na kuniomba radhi. Baba angekuwepo angemtoa nje, maana kwake divai yenye utamu ilikuwa tusi.

Mwezi Mei, alipokuwa hajiwezi tena, aliomba asparagasi nyeupe kwa siagi na viazi, na glasi ya Silvaner, divai yetu ileile. Nilimlisha kwa mkono wangu. Akanywa funda moja, akasema ni kavu kama inavyotakiwa, kisha akakutaja wewe kwa jina. Baada ya miaka kumi na mmoja, Gernot! Nikashindwa kujizuia.

Nawe nikwambie sasa, unitukane ukipenda. Ile Jumapili Baba alipotema divai mbele ya wageni, akakuita mharibifu na kukunyang'anya ufunguo wa ghala, aliyeharibu pipa ni mimi. Nilikuwa nimechoshwa na wageni wa kukunja nyuso, nikamimina humo majagi matatu ya maji matamu ya zabibu, nikidhani hakuna atakayegundua. Wewe ulinitazama, ukajua, ukanyamaza. Nami nikanyamaza, nikaendelea kuosha glasi huku ukifunga mizigo.

Nilimwambia Baba yote hayo, asparagasi ikiwa bado mdomoni mwake. Akatafuna taratibu, akameza, akasema alijua tangu siku ileile, aliniona nikisuuza jagi uani. Nikamuuliza kwa nini basi alikufukuza wewe. Akasema, kwani angenifukuza mimi, nani angempikia? Halafu akaomba aongezewe siagi.

Nikamwongezea, kaka. Ndicho kinachoniuma. Miaka yote hiyo nilimpikia kwa majuto, nikiogopa siku atakayojua, kumbe anajua na anakula. Nimemlilia kaburini, na ninamchukia.

Asparagasi zimekwisha, tangu juzi sikukuu ya Mtakatifu Yohana hatukati tena, kama ilivyo desturi. Ufunguo wa ghala uko ndani ya bahasha hii. Pipa la kushoto lina divai ya mwaka jana, kavu kabisa, sikuligusa. Msalimie sana mkeo, ambaye sijawahi kumwona, na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Sikuombi msamaha. Njoo ufungue ghala lako. Ukitaka nikupikie, nitapika. Usipotaka, sema tu, nitafunga mizigo, maana safari hii zamu ni yangu.

Dada yako,
Irmtraud