Gauni la Mama

Chumba cha cherehani, nyumbani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo, na wapwa zangu je? Goti lako limepoa, au bado linakutabiria mvua? Sisi tu wazima, ila miaka hamsini na miwili imenikalia vibaya. Siku hizi wifi yako ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, na kila akitunga ananitazama kama anayemlisha mgonjwa.

Nakuandikia kwa sababu ya Mama. Usishtuke, ni mzima. Au nadhani ni mzima. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mwezi uliopita alinijia kazini na kitambaa cha rangi ya maziwa, akaniagiza nimshonee gauni la kuzikiwa. Aliagiza vile vile anavyoagiza mapazia. Nilimuuliza kama daktari amemwambia jambo. Akajibu kwamba daktari kamwambia apunguze chumvi, basi.

Kitambaa kilikaa mezani siku tisa, nakikwepa. Mwishowe nilifungua daftari la vipimo, nikakata kwa vipimo vyake vya zamani, nikashona huku nimegeuza uso pembeni, kama mtu anayekata vitunguu.

Alipolijaribu, mabega yaliporomoka mpaka karibu na viwiko. Dada, Mama amepungua. Tuko naye kila wiki na hatukuona. Nilibaki na futi mkononi, naye akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Mwanangu, punguza. Nitapotea humu, watu wadhani wamezika gauni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikagundua kuwa nalia. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliondoka bila suruali.

Nilipotulia nikamuuliza kwa nini hasa. Akawa analainisha mkono wa gauni.

"Siku hiyo kila mtu ataniona nimelivaa isipokuwa mimi," akasema. "Nilitaka kuliona."

Nikapunguza.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe mosi ilikuwa harusi ya binti wa jirani. Tumekaa ukumbini, mara Mama huyo anaingia na gauni lile lile. Mimi na wifi yako tukatazamana. Wageni wanamsifu, wanauliza fundi ni nani, naye ananinyooshea kidole. Wanawake wawili wameshaniagiza la mtindo ule ule. Sikuwaambia lilikuwa la nini. Ilinipasa kuwaambia?

Jana amelirudisha, lina doa la mchuzi kifuani. Nilidhani anataka jipya. Kumbe anataka mfuko, kwa kuwa kule harusini alihangaika na leso yake. Nikamuuliza mfuko huo ni wa huku duniani au wa kule kaburini. Akaniambia, "We shona tu."

Nimeushona, upande wa kulia. Nimelipakata hapa nikikuandikia, na sijui kama ni gauni la kuzikiwa au la kutokea. Wewe ndiye mkubwa wetu, niambie.

Msalimie Shemeji na wapwa wote, na yule kitindamimba mwambie mjomba hajamsahau. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu awahifadhi, atukutanishe tukiwa bado na meno ya kuchekea.

Mama naye anakusalimu. Amesema nikikuandikia nikuulize kipimo chako cha kiuno. Sijathubutu kumuuliza ni cha nini.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi