Kifuniko cha Shimo la Dirisha

Dada Ardis,

Theluji imeyeyuka hapa Minnesota, nasi tu wazima. Mume wangu Delmar ameweka kifuniko cha plastiki juu ya shimo lililochimbwa nje ya dirisha la chumba cha chini ya ardhi, vicheche wasitumbukie. Chumbani humo ndimo anamolala tangu tugombane Krismasi. Dirisha lenyewe ni la kukimbilia moto ukizuka, lakini huyo fundi wangu Delmar kakikaza kifuniko kwa skrubu, kwa nje! Leo katoka dirishani anionyeshe kinavyofunguka, dirisha likajifunga nyuma yake, akanaswa shimoni chini ya kifuniko.

"Verna, nifungulie!"

"Sema kwanza."

"Samahani! Si nimeshasema mara mbili?"

Bisibisi ninayo. Nakuandikia nikiwa nimekikalia kifuniko. Nasubiri aseme leo atalala juu, chumbani kwetu, maana kitanda kimekuwa kipana mno.

Mdogo wako asiye na haraka,
Verna