Bidoni ya Njano na Maji ya Mwezi wa Kumi

Baba mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi juu ya friji, kwa sababu kukaa kumenishinda tangu asubuhi. Nimefagia ua mara mbili. Nimekunja taulo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Mjukuu wako Mwadi ameshavaa nguo ya kuogelea chini ya gauni na ananitazama. Nimemwahidi ziwa leo. Nilimwahidi Jumamosi iliyopita pia, na ile ya kabla yake.

Ni lile ziwa letu dogo, ng'ambo ya Naviundu, ulikotupeleka mimi na kaka Patrick kwa lile gari lako lililozimika kila penye mlima. Ulikuwa na sheria za maji, na tulizijua kuliko sala. Mwezi wa saba hapana, maji yanatoa ukungu asubuhi na yanauma hadi mifupani. Mwezi wa nane hapana, kuna upepo, na majivu ya moto wa porini yanaelea juu. Mvua zikianza ndiyo hapana kabisa: maji yamekuwa mekundu, mtu haoni mkono wake mwenyewe, na radi haina rafiki. Zilibaki wiki chache tu, pale jakaranda zinapochanua mjini na joto linawafanya watu wagombane bila sababu.

Hapo ulikunja suruali, ukaingia hadi magotini, ukasimama muda mrefu huku sisi tukiruka ruka nyuma yako. Kisha ukatoa hukumu.

"Juu iko moto, chini iko baridi. Musidanganywe na juu."

"Ndiyo, papa," tulijibu, tukiwa tumeshaingia.

Nawe ulirudi ukingoni na kukaa na bidoni yako, lile dumu la plastiki la njano, katikati ya magoti, tupu, kifuniko kimekazwa. Siku moja Patrick aliichukua aijaze animwagie kichwani. Ulimnyang'anya kwa ukali ambao hatukuuzoea. "Haina ya mayi, ile," ulisema. Bidoni isiyo ya maji. Tulicheka mpaka tukafika nyumbani Bel-Air.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua hii. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, umri wa Mwadi wa sasa. Niliogelea hadi mahali miguu haigusi chini, nikainua mikono, nikakuita, nikazama. Nilijifanya, Baba. Nilibana pumzi nikihesabu. Nilipoibuka ulikuwa ndani ya maji hadi kifuani, na shati, na viatu, umesukuma bidoni mbele yako kwa mikono yote miwili, na uso wako sijui niuiteje. Watu wa ukingoni walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda. Uligeuka, ukatoka, ukakamua shati. Hukunipiga. Ndani ya gari ulisema neno moja tu: "Kule mayi ya chini iko baridi sana."

Kisa hicho nimekisimulia kwenye kila sherehe ya ukoo. Nilikisimulia hata kwenye matanga yako. Papa aliyekwenda kumwokoa mtu na bidoni. Watu waliolia walicheka huku wakilia, nami nikajiona nimekutendea wema.

Mwadi amejifunza kuogelea kwenye pisini ya shule na tangu mwaka uanze ananisumbua kuhusu ziwa. Kwa hiyo nami nimekuwa mtu wa kupima maji. Nina kipimajoto kile cha kuogeshea watoto wachanga, chenye umbo la samaki, nilichokinunua alipozaliwa. Mwezi wa saba samaki alisoma kumi na sita, nikamwambia mtoto ni baridi, na nilifurahi kumwambia. Mwezi wa nane nikasema upepo. Mwezi wa tisa nikasema majani yameota mengi. Jumamosi iliyopita samaki alisoma ishirini na tano, nikamficha ndani ya mkoba kabla Mwadi hajasoma. "Bado kidogo," nikasema. Nilimdanganya mtoto wangu, kwa sababu naogopa. Mimi ninayejua kuogelea, naogopa kuliko wewe usiyejua.

Nilipogeuka, yule mama aliyekuwa akiuza vitumbua pale ukingoni tangu utoto wetu alikuwa ananitazama. Bado yupo, nywele tu zimebadilika rangi.

"Weye haiko mutoto ya ule papa ya bidon?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, nikacheka, nikaanza kumsimulia kisa chetu. Hakucheka.

"Alikuwa anakuya mwezi ya saba," alisema. "Asubui, bantu hapana. Anatosha bilato ku maguu, anaingia na bidon. Anaishika, anapiga maguu. Baridi ile, anatetemeka mpaka meno inalia."

"Papa yangu?"

"Papa yako. Nikamuuliza, papa, juu ya nini na hii baridi yote? Akasema, niko na batoto babili banapenda mayi. Siku moya bakizama, nitasimama tu na suruali yangu?"

Niliuliza kama ulifika mahali ukajua kuogelea.

"Hapana. Myaka yote ile hakujua. Akiacha bidon, anazama. Anatoka, anakula kitumbua moya, anaenda ku kazi."

Baba, wiki nzima sijatulia. Ndiyo maana uliyajua maji ya chini. Mtu anayesimama magotini angejuaje baridi iliyoko kule mbali? Nami sikuuliza hata siku moja. Tena nimekukasirikia. Tungekufundisha, mimi na Patrick, Jumapili mbili tu zingetosha. Halafu nasikia vile tungekucheka tukikufundisha, na hasira inanigeukia mwenyewe. Ulichagua mwezi wa saba kwa sababu ndio mwezi ambao hatukuwepo. Siku ile nilipokuita ulijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba huwezi. Ukaingia. Nisamehe. Nimechelewa, lakini nisamehe.

Bidoni niliikuta jana kwa Mama, stoo, imewekewa maharagwe. Nimeiosha, nimeikausha, nimekaza kifuniko mpaka kiganja kinauma. Ninajua kuogelea, sihitaji bidoni, lakini siwezi kwenda bila hiyo.

Sasa hivi Mwadi ameingia jikoni akaiona.

"Mama, kwani ku nyumba mayi imeisha? Bidon ya nini?"

"Haina ya mayi, ile," nimemjibu.

Amecheka mpaka ameshika mlango. Bado anacheka huko nje, anamsimulia jirani. Acha acheke. Leo ataingia ziwani, maji ni ya moto juu na baridi chini, na nitamwambia hivyo, naye ataitika akiwa ameshaingia. Nami nitakaa pale ulipokaa, bidoni katikati ya magoti. Viatu nimeshavua, Baba. Nimevivua tangu hapa nyumbani.

Pumzika, mimi sitapumzika mpaka jioni.

Binti yako,
yule aliyejifanya anazama