Droni Iliyolia Juu ya Paa Lako

Mogogosiek,
9 Oktoba 2025.

Mpendwa mwanangu Kiplimo,

Lile sanduku la njano lenye mionzi, lililotafutwa huku mwezi wa tano bila kupatikana, nililichukua mimi. Hakuna anayejua. Usilete watoto Desemba kabla hujasoma barua hii hadi mwisho.

Sasa nikusalimu. Hamjambo huko Kanada? Mkeo Chepkemboi amepona mgongo? Mimi siponi. Daktari ameanza kunisemesha kwa upole, nami naelewa.

Sanduku lilikuwa la vijana wa kandarasi ya barabara. Hulitumia kupima kama udongo umeshindiliwa. Waliliacha kando ya mtaro, wakaenda kula mandazi. Mainjinia hao! Chombo cha hatari kinalindwa na mbuzi! Mimi niliyefundisha fizikia maisha yangu yote nikalibeba kwa wilbaro, ili waje kuniomba, niwape somo.

Hawakuja. Ilikuja serikali na vitu vya kuchezea. Roboti yao ilikwama topeni katikati ya majani chai, wachumaji wakapiga kelele, "Mbebeni mgongoni, amechoka!" Kisha wakarusha droni ya kupima mionzi, ikazunguka kama nyuki aliyepoteza mzinga.

Ikasimama juu ya nyumba yako, ambayo ufunguo wake uliniachia. Binti aliyeiendesha, Loice, akasema, "Mwalimu, hapa inalia sana."

"Inalilia mawe ya msingi, mama. Hata mawe yana mionzi. Hukufundishwa?"

"Mashine haijui heshima, mzee. Nifungulie tu."

Mkubwa wake ni Gibson, mwanafunzi wangu wa zamani, hodari wa kukariri, mtupu wa kufikiri. Nilimtazama tu. Akasimama wima kama yuko kidato cha pili, akamwamuru Loice afungashe. Nilimdharau kwa kunitii.

Usidhani niliogopa jela. Sikuweza kukubali kwamba kidude cha plastiki kimenishinda mbele ya Gibson.

Shangazi yako Cherotich anawasalimu nyote; hajui lolote. Mungu awafikishe salama, lakini mfikie kwake.

Mpigie Loice, si Gibson. Namba iko nyuma ya bahasha. Mdomo wangu bado unakataa. Mwambie mashine yake ilisema kweli: sanduku lilipasuka nilipoliangusha, nami nikalifukia chini ya sakafu ya chumba cha watoto wako.

Baba yako mkubwa, akupendaye hata sasa,
Mwalimu Kipkemoi